Siku Fundi Viatu Alipoukomboa Waya wa Mtaa

Sogeeni, ninyi mlioketi mbali, na ninyi mliosimama mlangoni mkisema mnapita tu. Mwenye kikombe na akimalize, mwenye mtoto anayelia na ambembeleze, mwenye simu mfukoni na aizime, maana habari hii haiihusu simu hiyo, na ikiisikia inaweza kuona haya. Namwomba Mwenyezi Mungu, aliyeumba dunia hii na ambaye hakushindwa kuumba nyingine kando yake, aushike ulimi wangu nisipunguze wala nisiongeze, nipate kueleza jinsi Fundi Viatu, Simba wa Sindano, Mfufuaji wa Visigino, alivyoukomboa waya wa mtaa wake siku ya Jumatano, kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri, bila jeshi, bila upanga, akiwa amevaa aproni.

Jueni kwanza kwamba dunia ile si hii. Katika dunia yetu mtandao ulibuniwa na watu wenye haraka, ndiyo maana mtu anaweza kukutukana kabla hajakusalimu, na kukukata katikati ya neno kama fundi anavyokata uzi. Katika dunia ile mtandao ulibuniwa na mabibi wa ubao wa simu, wale waliokaa miaka mingi wakiunganisha nyaya kwa mikono yao na kusikiliza jinsi watu wanavyobwagiana simu. Nao walipopewa nafasi ya kujenga kitu kipya, waliapa kwamba hakuna kiumbe atakayeachwa tena hewani kinywa wazi. Wakachukua adabu wakaifungia ndani ya chuma.

Kwa hiyo huko hakuna simu ya mfukoni wala kioo cha kutazama. Kila nyumba ina Sanduku la mbao lililotundikwa ukutani, lenye vibonye vya herufi na mdomo unaotema utepe mwembamba wa karatasi. Mtu ana anwani moja tu, pale anapolala. Mwenye duka akitaka kukutangazia sabuni, sharti Sanduku lake lipige hodi mara tatu, na usipomkaribisha anaondoka zake asirudi mpaka mwezi mwingine. Anayetaka kukutukana lazima akujulie hali kwanza, na hali ya wazazi, na ya watoto, na akifika hapo hasira imeshapoa. Anayetaka kukusifu lazima atoe sababu. Husifiwi mara nyingi, lakini siku ukisifiwa unalala vizuri.

Na juu ya sheria zote ipo Sheria ya Kuaga. Chini ya kila Sanduku kuna kibonye cha shaba kilichoandikwa KWAHERI, na mazungumzo hayafungwi mpaka mkubwa kwa umri akibonyeze. Mdogo akikibonyeza ni sawa na kubonyeza ukuta. Umri wenyewe Sanduku linaujua, kwa sababu siku lilipotundikwa kila mtu aliandika mwaka wake wa kuzaliwa, mara moja, kwa kiapo.

Hapo, wasikilizaji, ndipo mabibi wale wenye hekima walipoteleza. Walifikiri mtu ataandika ukweli.

Sasa tazameni mtaa wa nyumba kumi na mbili, waya mmoja. Wawili wakizungumza, kumi wanangoja, na maneno yao yanachapwa katika nyumba zote, kwa kuwa mabibi waliamini kwamba anayezungumza vizuri hana cha kuficha. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Fundi Viatu, mkewe, binti yao na mama yake mzazi. Nyumba ya kumi na mbili ilikuwa ya mama mkwe wake. Kati ya nyumba hizo mbili ni hatua mia mbili na arobaini, tambarare.

Mama yake Fundi alikuwa na miaka sitini na sita. Siku ya Sanduku aliandika hamsini na saba, maana jirani alikuwa akichungulia. Fundi mwenyewe alikuwa na arobaini na minane. Kwa hesabu ya Sanduku, basi, mama huyu alimzaa akiwa na miaka tisa, na hakuna aliyethubutu kuliuliza Sanduku limefikaje hapo. Mama mkwe alikuwa na sitini na mmoja. Naye, bila kushauriana na mtu, aliandika hamsini na saba.

Wawili waliolingana umri, sheria inasema, yeyote anaweza kuaga kwanza. Lakini anapoaga, utepe wa kila nyumba unachapa jina lake na maneno haya: MKUBWA AMEAGA. Njia ya kuepuka ni moja tu, wote wawili wabonyeze kwa wakati mmoja. Hapo utepe unaandika WAMEAGANA, na heshima ya kila mtu inabaki ilipokuwa.

Siku ya Jumatatu, baada ya chakula cha mchana, mama mkwe alipiga hodi kumpongeza mwenzake kwa mjukuu wao kufaulu mtihani. Walizungumza saa moja. Kisha wakaanza kuagana. Utepe ninao, nami nausoma kama ulivyo.

HAYA MKWE WANGU.

HAYA.

BASI NISIKUCHOSHE.

HUJANICHOSHA. NI MIMI NILIYEKUCHOSHA.

WASALIMIE.

ZIMEFIKA. NA WEWE WASALIMIE.

ZIMEFIKA. HAYA BASI.

HAYA. TANGULIA TU MKWE WANGU.

NITATANGULIAJE NAWE UPO?

Na hapo vita vikaanza, kwa maana hakuna aliyetangulia. Usiku waliingia kulala, Sanduku likiwa wazi. Jumanne asubuhi wakasalimiana upya, wakaulizana wameamkaje, wakaagana mpaka jioni. Nyumba ya nne ilikosa kuagiza mafuta ya taa. Mshona nguo wa nyumba ya tano alikuwa na bibi harusi asiyejua gauni lake limefikia wapi. Kukata waya hakukuwezekana; mtaa wa pili waliwahi kuukata, na Masanduku yao yakanuna siku arobaini.

Mtasema, na huyu Fundi alikuwa wapi? Tulieni. Shujaa haanzi vizuri, akianza vizuri hahitaji msimulizi.

Jumatatu ile ile asubuhi, kabla ya hodi ya mama mkwe, Sanduku la nyumba ya kwanza lilikuwa limetema utepe wa barua kutoka chuo cha wauguzi, na barua, tofauti na mazungumzo, huchapwa kwa mwenyewe tu. Binti amepata nafasi. Mzazi ajibu kwa neno moja, NAKUBALI, kutoka Sanduku la nyumbani kwake, kabla ya Jumatano saa kumi alasiri. Jibu lisipofika, nafasi atapewa anayefuata kwenye orodha. Fundi alikuwa peke yake chumbani. Aliusoma mara tatu. Kisha aliukunja, akautia mfukoni mwa aproni, akaenda zake dukani kupigilia soli.

Kwa nini hakujibu papo hapo? Kwa sababu chuo kile kilikuwa safari ya siku tatu. Na mama yake, kwa wiki nzima, alikuwa akimwambia kila aliyepita mlangoni kwamba mjukuu atasomea chuo cha hapa karibu, ambacho kumbe kilikwisha kujaa, na kwamba kila jioni atarudi kumkanda magoti. Simba wa Sindano, aliyewahi kung'oa msumari wa inchi nne kwa meno, aliogopa kumwambia mama yake sentensi moja.

Mkewe alimwambia habari hiyo usiku wa Jumatatu Fundi mwenyewe, na mke akaona mumewe bado anatafuna maneno. Jumatano alfajiri, akijifunga kitambaa kichwani kwenda kazini kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, alisimama mlangoni akasema polepole, "Baba Binti, mimi narudi saa kumi na moja. Nikirudi nikute umeshajibu. Sitauliza mara mbili."

Kauli hiyo ilimwingia Fundi kama baridi ya asubuhi. Saa nne alifunga duka, akapiga magoti nyuma ya rundo la viatu visivyo na wenyewe, akasali. Hakuomba makubwa. Aliomba mama yake achoke. Kisha akapangusa magoti, akaingia vitani.

Alimkuta Malkia wa Nyumba ya Kwanza amekaa kwenye kiti chake mbele ya Sanduku, mto mgongoni, kikombe cha maji kulia, miwani puani.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Mbona umefunga duka? Umefukuzwa?"

"Nitafukuzwaje kwangu mwenyewe, Mama. Nina shida ya waya kidogo."

"Shida gani?"

Hapa Fundi alikuwa na nafasi ya kuwa mkweli, na malaika wa kuandika mema alikuwa ameshachovya kalamu. "Ya viatu," alisema. "Naagiza ngozi."

"Ngozi haiozi," mama yake alisema. "Ngoja nimalizane na mwenzangu kwa heshima."

"Mnamalizana tangu juzi."

"Wewe mtoto, heshima ina saa? Niamke tu nimbonyezee mtu kwaheri usoni, kama nafukuza kuku? Na huo utepe uniandike nini mbele ya mtaa mzima? Mimi na mama mkwe wako ni marika. Lakini yeye ukimwangalia shingo utajua nani alitangulia. Mwambie aage."

Fundi akatoka. Alizivuka zile hatua mia mbili na arobaini kama jemadari anayevuka jangwa, huku majirani wakimtazama madirishani, na mshona nguo wa nyumba ya tano akamwita, "Shemeji, ukishindwa huko, njoo unisaidie kumweleza bibi harusi."

Mbele ya mama mkwe wake, Simba alikuwa paka. Alivua viatu nje, akainama, akakaa ncha ya kiti. Mama mkwe naye alikuwa mbele ya Sanduku, macho mekundu, kidole kimelala juu ya shaba bila kubonyeza.

"Karibu, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo, Mama. Tuliona tuje kuwajulia hali."

"Hali yangu unaisoma ukutani kwenu," alisema, akionyesha utepe uliojaa sakafuni. "Nimechoka. Mkono huu hauinuki. Mwambie mama yako aage tu, mimi nitamwelewa. Mtu mzima akitangulia si aibu."

"Yeye anasema vivyo hivyo juu yako, Mama. Kwa heshima."

"Kwa heshima," mama mkwe alirudia. Akavuta ncha ya kanga mpaka shingoni. "Namjua mwenzangu. Amesema nini juu ya shingo yangu?"

Fundi alitazama dari, kama mtu anayetafuta mahali panapovuja. Na katika kutazama kule, Mwenyezi Mungu akamteremshia wazo. Kinu cha unga cha mwisho wa barabara hupiga king'ora saa nane kamili, wafanyakazi wanapopokezana zamu, na king'ora hicho kinasikika nyumba ya kwanza na ya kumi na mbili kwa wakati mmoja. Wote wawili wabonyeze kinapolia. Utepe uandike WAMEAGANA. Hakuna mkubwa wala mdogo.

Mama mkwe alilikubali wazo hilo mara moja, jambo ambalo lingempa shaka mtu mwerevu zaidi. Fundi akarudi mbio nyumba ya kwanza. Mama yake naye alikubali mara moja.

"Apa," Fundi alisema.

"Naapa. Unanionaje mimi?"

Na saa nane ikafika. Watu wa mtaa ule walisimama karibu na Masanduku yao, mikono kifuani. King'ora kikaanza chini, kikapanda, kikajaza mapaa, kikatetemesha vikombe, kikaisha. Utepe haukusogea. Fundi aligeuka akamwona mama yake amekaa wima, kidole nusu inchi juu ya shaba, kichwa kimeinamia Sanduku, akisikiliza.

"Mama."

"Nilikuwa namsubiri yeye aanze, nami nifuate hapo hapo."

Wakati huo huo utepe ukachapa maneno ya mama mkwe: MKWE WANGU NILIDHANI UMESHABONYEZA.

Mama yake akaandika: MIMI NDIYE NILIYEDHANI.

HAYA BASI.

HAYA.

Wanahistoria wanasema majeshi mengi yamevunjika kwa njaa na kwa tauni, lakini nani atawaandika waliovunjwa na "haya basi"? Fundi alikaa sakafuni, mgongo ukutani. Alisubiri mama yake achoke, kama alivyoomba, na saa tisa ikapita, na tisa na nusu, na mama hakuchoka. Binti aliingia kutoka uani akiwa na ndoo ya maji. Alijua habari ya utepe ule kwa mama yake, tangu jana. Aliitua ndoo, akaiangalia saa ya ukutani, akamwangalia baba yake, akaingia jikoni. Na Fundi akasikia kwamba huko jikoni hakufanyiki kitu chochote, hakuna kisu, hakuna sufuria, mtu amesimama tu.

Kimya kile kilimshinda kuliko king'ora. Ilikuwa saa kumi kasoro robo. Akatoa utepe mfukoni mwa aproni, umekunjamana na kunuka gundi, akauweka kwenye mapaja ya mama yake.

"Si ngozi, Mama," alisema. "Nilikudanganya. Soma."

Mama yake aliusoma utepe wote. Kisha akaurudia ile sehemu ya mwisho, kidole kikifuata herufi.

"Hiki siyo cha hapa karibu."

"Cha hapa kimejaa. Hiki ni safari ya siku tatu kwa gari."

"Siku tatu." Alivua miwani. "Na magoti yangu?"

Fundi aliyatazama magoti yale. Alikuwa na hotuba aliyoitunga tangu Jumatatu, yenye methali mbili, na yote ilimtoka kichwani.

"Tangu lini unayo karatasi hii?"

"Juzi asubuhi."

"Kabla sijakaa hapa."

"Kabla."

"Ungejibu tu. Ungebonyeza neno lako, mimi nisingejua mpaka limeshafika."

"Nilitaka ujue kwanza," Fundi alisema, "halafu nikaogopa ujue."

Mama yake alimtazama kwa muda, namna anavyotazamwa mtoto aliyerudi na kiatu kimoja. "Arobaini na minane," alisema. "Mungu wangu. Nimelea." Kisha akapaza sauti kuelekea jikoni. "Wewe mwuguzi, njoo hapa uone bibi yako anavyozeeka."

Binti akaja, akasimama kwenye fremu ya mlango akipangusa mikono iliyokuwa mikavu.

Mwanamke yule akavaa miwani yake. Akanyoosha mgongo. Na mbele ya mwanawe na mjukuu wake, na mbele ya nyumba kumi na mbili zilizokuwa zikisoma, akaandika kwa vidole viwili, herufi moja moja, maneno ambayo mtaa ule hauyasahau:

MKWE WANGU. MIMI NDIYE MKUBWA. NINA MIAKA SITINI NA SITA. NILIMZAA FUNDI NIKIWA NA KUMI NA MINANE SI TISA. MJUKUU WETU ANAKWENDA MBALI NA SISI TUMEMZIBIA NJIA. NAAGA.

Akaweka kidole gumba juu ya shaba. Hakusubiri kusikiliza. Akabonyeza.

Utepe ukasema MKUBWA AMEAGA, katika nyumba zote kumi na mbili kwa mara moja, na ilikuwa saa kumi kasoro dakika saba.

"Kaa," alimwambia Fundi, akiinuka kwa kushika ukuta. "Na usianze kulia, herufi utaziona mbili mbili."

Fundi Viatu akakaa. Akapiga hodi mara tatu. Karani wa chuo akamkaribisha, akamwuliza hajambo, akamwuliza nyumbani hawajambo, akamwuliza kazi inaendaje, na Fundi akajibu yote kwa ukamilifu, jasho likimdondoka juu ya vibonye, kwa maana hata Siku ya Kiyama katika dunia ile itaanza kwa kujuliana hali. Kisha akaandika neno lake. Aliliandika vibaya, akalifuta, akaliandika tena.

NAKUBALI.

LIMEPOKELEWA, alijibu karani. SAA KUMI KASORO DAKIKA NNE. HONGERA MZAZI. Na kwa kuwa karani alikuwa kijana, Fundi ndiye aliyeaga.

Binti alikuwa ameshapiga magoti chini ya kiti alichohamia bibi yake, ameyashika magoti yake mawili na kuyakanda, bila mtu kumwambia, kana kwamba zimebaki dakika chache tu na si miezi miwili kamili kabla ya safari.

"Polepole," bibi alisema. "Hilo la kushoto ndilo lenye sitini na sita. La kulia bado ni msichana."

Basi andikeni, enyi mnaoandika, kwamba siku ile waya wa mtaa ulikuwa huru. Andikeni kwamba mshona nguo wa nyumba ya tano alimfikia bibi harusi akamwambia gauni bado mikono, na kwamba nyumba ya nne iliagiza mafuta ya taa na kuyapata. Andikeni kwamba watu walitoka milangoni wakamtazama Fundi Viatu akisimama kizingitini kupunga hewa, aproni imelowa, na mmoja akamwambia, "Umeweza, baba," naye akajibu kwa ukweli wake wote, "Ni mama." Wazee wa mtaa waliupa ushindi ule jina, wakauita Dakika Kumi na Moja, na mpaka leo wakihesabu miaka wanasema jambo hili lilikuwa kabla ya Dakika Kumi na Moja, na lile lilikuwa baada yake.

Mtaniuliza kwa nini kumi na moja. Ni kwa sababu uhuru ule ulianza saa kumi kasoro dakika saba, na saa kumi na dakika nne mama yake Fundi aliutoa mguu wake mikononi mwa mjukuu, akainuka, akajivuta mpaka kwenye Sanduku, ambako Fundi alikuwa amerudi kuketi, akamgusa begani.

"Nipishe kidogo, mwanangu," alisema. "Mwenzangu sikumuaga vizuri."